Kipimo cha Shaba

Mama alikiacha msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni:
kipande cha shaba chenye mwanya mmoja,
upana wa vidole viwili na ushee.
Chaza akipita katika mwanya, ni mtoto. Mrudishe.
Akikwama, ni wa ndoo.
Hiyo ndiyo sheria yote niliyorithi,
hiyo, na buti za mpira zilizotobolewa na kome.

Sisi wa hori hii ya Galisia
hatuna bahari ya kuogelea. Tuna bahari ya kuinama.
Siku za bamvua, maji yakishapwa, tunashuka wanawake hamsini,
viuno juu kuliko vichwa,
tukikwangua mchanga kwa reki kama mtu anayetafuta pete
aliyoivua mwenyewe kwa hasira.

Nilikuwa na miaka tisa meli ya mafuta ilipopasuka.
Bahari ilirudi imevaa lami.
Haikuvuma, na hilo ndilo lililotutisha:
wimbi zito kama uji, likafika bila kishindo,
likalala juu ya miamba, likakataa kuondoka.
Mama alikwenda na sepetu na barakoa ya karatasi,
jioni akarudi ananuka gereji.
Kwenye taulo alimbeba ndege. Tulimwosha kwa sabuni ya vyombo
ndani ya beseni la nguo.
Alikufa akiwa safi.

Lakini mafuta huonekana, ndiyo heri yake.
Unayachukia, unayazoa, unaandamana.
Yaliyofuata hayakuwa na rangi.
Mvua ya Machi ilisahau kunyamaza,
huko juu mtoni wakafungua lango la bwawa,
na kwa siku kumi na saba hori ikajaa maji matamu.
Matamu kwa nani?
Kisha kiangazi, maji vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto mchanga.
Tuliposhuka, reki zililia kwa sauti ngeni:
magamba matupu yakigongana,
wazi pe, kama milango ya nyumba zilizohamwa.

Kuna siku bahari haiendi mbali wala haiji karibu;
siku hizo huitwa maji mafu.
Mwaka ule ulikuwa maji mafu tangu Januari hadi Desemba.

Tukapiga kura katika shule ya zamani:
ufukwe ufungwe miezi ishirini.
Eladia, mwenye mkopo wa nyumba, alikuwa wa kwanza
kunyoosha mkono, analia, mkono wima.
Sabela alitoka kabla ya hesabu, akaenda kufua mashuka ya hoteli.
Simlaumu.
Tuliobaki tulipanda nyasi za bahari, shina kwa shina,
na usiku tukalinda kwa zamu.

Nilimnasa mwizi mmoja tu: Amaro, binamu yangu,
kilo tatu ndani ya begi la shule la mwanawe.
Sikupiga kelele. Nilitoa shaba mfukoni,
nikampimia chaza mmoja mmoja kwa mwanga wa tochi.
Wote walipita.
Alikwenda kuwarudisha mwenyewe, maji magotini,
akiwaweka chini kama anayelaza mayai.

Aprili hii tulichota mchanga, mita moja ya mraba,
tukauchekecha.
Mwaka jana tulipata wawili.
Eladia alihesabu kwa midomo, bila sauti,
akaanza upya, hakujiamini, akaanza tena.
Sitini na mmoja, kila mmoja kama ukucha wa mtoto.
Walipita katika mwanya bila kugusa kingo.
Tukawarudisha,
tukapanda gati na ndoo tupu, tukicheka kama wezi.

Nyumbani nilikitundika kipimo msumarini.
Redio ikasema: mvua, siku nne, milimani.
Nikatafuta namba ya ofisi ya bwawa.
Kijana mmoja akapokea, anatafuna kitu.
Nikamwambia: Naitwa Dorinda, wa chaza, huku chini.
Mkifungua,
fungueni polepole.